Kioo Usichokinunua

Haupiti mwezi bila kijana kunijia pale kwenye meza yangu ya ufundi. Mara nyingi amemaliza chuo, ana akiba kidogo au ahadi ya mjomba, na swali lake ni lilelile: "Fundi, nataka kuanza kubadilisha vioo vya laptopu. Nianze na vioo vingapi?" Namjibu asianze na hata kimoja, na usoni naona jinsi jibu linavyomkata maini. Lakini anayeanza kwa kuuliza idadi ya vioo ameishika biashara hii kichwa chini miguu juu. Anaiona kama duka: unajaza rafu, unasubiri wateja. Mimi naiona kama kazi ya kubaini ubovu, na kioo ni spea tu inayoitwa baada ya ubovu kujulikana. Fedha ya fundi wa vioo hupotea zaidi kwenye kioo alichonunua bila sababu kuliko kwa mteja aliyemkosa.

Nayasema haya nikiwa nimeshalipa ada ya somo hili. Mwaka 2016 nilishuka Kariakoo na fedha ya mkopo wa kikundi, nikarudi Arusha na vioo 12, vyote vya inchi 15.6. Muuzaji aliniapia kwamba vinaenda kama maandazi. Havikuwa vibovu hata kimoja. Tatizo ni kwamba vilikuwa vya mfumo wa zamani wa kupeleka picha, LVDS, wakati dunia ilishahama. Desemba 2010 Intel na AMD, pamoja na watengenezaji wakubwa wa kompyuta na vioo, walitangaza kwamba wataiacha LVDS ifikapo 2013 na kuhamia njia mpya za kupeleka picha, na kwa laptopu njia hiyo ni eDP. Mimi nilikuwa nanunua mwaka 2016 spea za mashine za 2011. Vitano viliuzika, kwa sababu laptopu za mtumba zilizokuwa zikiingia zilikuwa za umri huo. Saba vilibaki juu ya kabati, vimefungwa kwenye maboksi yake, vikinitazama.

Kosa langu lilikuwa kuamini inchi, na hilo ndilo kosa la wengi. Mteja anaposema "nataka kioo cha HP cha kumi na tano nukta sita" ni kama mtu anayekwenda dukani kununua tairi kwa kutaja rangi ya gari. HP hatengenezi kioo. Dell hatengenezi, wala Lenovo. Vioo vya laptopu nyingi hutoka kwa viwanda vichache: AU Optronics, LG Display, BOE, Innolux na Samsung. Ndani ya laptopu mbili za aina moja zilizonunuliwa siku moja unaweza kukuta vioo vya viwanda viwili tofauti. Kinachoongoza ni karatasi ndogo iliyobandikwa mgongoni mwa kioo, na fundi anayejua kuisoma hana haja ya kubahatisha. Ikianza na B156, hicho ni cha AU Optronics cha inchi 15.6. LP156 ni LG. N156 ni Innolux, NT156 ni BOE, LTN156 ni Samsung. Herufi zinazofuata nazo zinasema: kwenye LG, LP156WH ni picha ya kawaida ya nukta 1366 kwa 768, na LP156WF ni ile kali ya 1920 kwa 1080. Mkia wa namba, ule ambao wengi huukata wakipiga picha kwa haraka, ndio unaotofautisha soketi na masikio ya kufungia skrubu. Kuna kioo chenye masikio juu na chini, kuna chenye masikio ubavuni, na kuna kisicho na sikio hata moja kinachoshikwa kwa gundi ya utepe. Ukikosea hapo, kioo kitawaka vizuri kabisa na hakitakaa.

Soketi inastahili maneno yake. Sheria ya kijiweni inasema pini 40 ni LVDS na pini 30 ni eDP. Sheria hiyo ni nzuri mpaka siku itakapokuchomea mashine ya mtu, kwa sababu vipo vioo vya eDP vyenye pini 40, hasa vya kugusa na vile vya mashine za michezo ya kompyuta. Kwa hiyo hesabu pini, kisha soma namba, kisha tafuta karatasi ya maelezo ya kiwanda kwa namba hiyo kamili. Hizo ni dakika kumi za bando.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata wazoefu. Mteja amevunja kioo cha kawaida, anasema, "Fundi, niwekee kile kikali, nitaongeza hela." Soketi ni ileile ya pini 30, masikio ni yaleyale, kinaingia bila kulazimishwa. Ukiwasha, giza, au picha inayochezacheza. Sababu ni kwamba kioo cha 1366 kwa 768 huhitaji njia moja ya data, na cha 1920 kwa 1080 huhitaji mbili. Kiwanda kilichofunga mashine kwa kioo cha bei ya chini mara nyingi kiliokoa senti chache kwa kuweka kebo yenye njia moja tu. Hapo kioo hakina kosa na laptopu haina kosa. Kinachotakiwa ni kebo nyingine, na kebo hiyo huenda iko Kariakoo, huenda iko Luthuli Avenue kule Nairobi, huenda haipo popote karibu. Kabla ya kumkubalia mteja nyongeza yake, fungua, tazama kebo ina nyaya ngapi hai, ndipo utaje bei.

Sasa nirudi kwenye kubaini, ambako ndiko riziki iliko. Mwaka juzi binti mmoja wa chuo alinijia kutoka Njiro, laptopu kaikumbatia kifuani kama mtoto mgonjwa.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Ina nini?"

"Kioo kimekufa. Nimeambiwa nitafute laki na themanini."

Niliiwasha. Giza, lakini feni inazunguka na taa ya herufi kubwa inaitika. Nikaifunika pamoja na kichwa changu kwa koti, nikawasha tochi ya simu na kuilaza karibu kabisa na kioo, kwa mshazari. Kisha nikampisha atazame mwenyewe.

"Unaona nini?"

"Naona saa, fundi. Saa nne na dakika kumi."

Kioo kinachoonyesha saa hakijafa. Kimekosa mwanga wa nyuma tu. Picha hutengenezwa na tabaka la fuwele kati ya vioo viwili vyembamba, lakini fuwele hazina mwanga wake. Mwanga hutoka kwenye mstari wa taa ndogo za LED, kwa kawaida ukingoni chini, ukasambazwa na bamba la plastiki. Picha ina umeme wake wa volti 3.3. Taa zina njia nyingine, yenye umeme mkubwa zaidi unaofikia volti 19 mashine ikiwa kwenye chaji, na njia hiyo hulindwa na fyuzi iliyoko kwenye bodi, ndogo kuliko chenga ya mchele. Nilipima, fyuzi imekatika. Nikamuuliza kama mashine imewahi kufunguliwa. Kumbe wiki moja kabla ilikazwa bawaba mahali fulani, na bila shaka aliyeikaza alirudisha kebo ya kioo bila kuchomoa betri. Pini zikagusana kwa kufumba na kufumbua, fyuzi ikajitoa mhanga. Nilibadilisha fyuzi kwa 30,000. Angenunua kioo kipya angefungiwa giza jipya, kisha angeambiwa bodi nayo imekufa.

Ndiyo maana nasema vifaa vya kwanza vya fundi huyu si vioo. Ni tochi, mita ya kupimia umeme, monita moja ya zamani yenye njia za HDMI na VGA, bisibisi nzuri mbili tatu, na trei ya mayai ya kuwekea skrubu kwa mpangilio, maana skrubu ndefu ikirudi kwenye tundu fupi hutoboa kava. Monita inajibu swali moja kubwa: picha ikitokea huko na isitokee kwenye kioo, kuna uwezekano mkubwa bodi inatoa picha vizuri. Mistari inayobadilika ukichezesha mfuniko ni kebo, tena mara nyingi imesuguliwa na bawaba. Mistari iliyosimama wima bila kutikisika ni kioo. Na kwa Dell nyingi, shika herufi D huku ukibonyeza kitufe cha kuwasha: kioo kitapita rangi moja moja chenyewe, bila kuhitaji Windows. Rangi zikitoka safi hapo, kioo ni kizima, acha kukisingizia.

Watu husema "kutengeneza kioo". Neno hilo limeleta ugomvi mwingi mezani. Kioo kilichopasuka hakitengenezwi. Mstari wima nao kwa kawaida ni utepe mwembamba ulioachia pale ulipobandikwa kwa joto kwenye ukingo wa kioo, na kuubandika upya kunahitaji mashine ambayo haina maana kuinunua kwa kazi tatu kwa mwezi. Wapo wanaobana pale kwa kipande cha kadibodi ili mstari upotee. Hupotea kwa siku nne. Na anayekifungua kioo chenyewe kusafisha doa la ndani, hapa kwetu, asije akashangaa. Vumbi la udongo wa volkano wa miteremko ya Meru ni laini kama unga. Likiingia kati ya karatasi za mwanga, doa moja linakuwa kumi. Tunabadilisha vioo, basi. Mwambie mteja hivyo tangu mwanzo.

Tufanye hesabu kidogo, kwa mfano tu, kwa sababu bei hubadilika kila wiki. Tuseme kioo kinakufikia kwa 110,000, na kukileta kwa basi kutoka Dar es Salaam ni 5,000. Unamtoza mteja 160,000. Umebaki na 45,000. Ukipasua kimoja wakati wa kukifunga, kwa kukishika katikati badala ya pembeni, au kwa kukaza skrubu huku kimekaa juu ya kebo, umepoteza 115,000, yaani faida ya kazi mbili na nusu na chenji. Hapo bado kodi ya pango. Sasa weka kwenye hesabu hiyo vioo kumi vilivyokaa rafuni: zaidi ya milioni moja imelala, na kila mwaka unaopita mashine za kuviingiza zinapungua mjini. Hakuna riba ya benki inayokula mtaji kimya kimya namna hiyo.

Kuna kitu kingine ambacho vijana hawakijui mpaka wakae mbele ya ofisa wa kodi. Kodi ya makadirio kwa mfanyabiashara mdogo hupima mauzo, haipimi faida. Kile kitambulisho cha wajasiriamali kilichoanza kutolewa mwishoni mwa 2018 kwa shilingi 20,000 kililenga wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Gawa milioni 4 kwa 160,000. Ni kazi 25. Kazi 25 kwa mwaka, yaani mbili kwa mwezi, zinakufikisha kwenye ukomo wa kundi la wadogo kabisa huku mfukoni umebaki na milioni moja na laki moja na ushee. Mashine ya risiti ya EFD nayo imekuwa ikidaiwa kuanzia mauzo ya milioni 11. Hizo ni kazi 69, moja na kidogo kwa wiki. Nenda TRA uulize viwango vya mwaka huu kabla ya kuanza, usingoje uulizwe wewe.

Dawa ninayoitumia ni rahisi na ya halali: mteja anunue kioo chake. Mimi nabaini, namwandikia namba kamili na mkia wake, nampa muuzaji ninayemwamini, yeye anamlipa muuzaji moja kwa moja kwa simu na risiti inatoka kwa jina lake. Mimi naandika ada ya kubaini na ada ya kufunga, na hayo ndiyo mauzo yangu. Mtaji wangu haulali, mauzo yangu yanafanana na kazi yangu, na mteja anajua kioo ni shilingi ngapi na mikono yangu ni shilingi ngapi. Wenzangu wengi hawaipendi njia hii. Wanasema mteja akishajua bei ya kioo atalalamikia ada. Wengine hulalamika, kweli. Lakini mteja huyohuyo ana simu mkononi, na bei ya kioo ataijua tu kabla hajafika nyumbani. Heri aijue kwangu.

Kubaini kulipwe. Hapa ndipo ninapogombana na kijiwe kizima, kwa sababu desturi ni "kuangalia bure". Fundi anayeangalia bure analazimika kuuza kitu ili dakika arobaini zake zilipwe, na kitu kilicho karibu zaidi ni kioo. Yule binti wa Njiro alikuwa karibu kuuziwa kioo si lazima kwa hila. Huenda kwa njaa tu ya mtu aliyefanya kazi bila malipo. Toza 10,000, uikate kwenye ada kama kazi itaendelea.

Arusha ina kalenda yake, na anayeijua hakai akisubiri. Vyuo vikifunguliwa Oktoba na Novemba, mashine hutoka vijijini zikiwa zimebanwa kwenye mabegi na kwenye vifodi, earphone zimesahauliwa juu ya vitufe, mfuniko ukafungwa juu yake: hiyo peke yake huleta robo ya kazi zangu za msimu huo. Wanafunzi hulipa bumu, yaani fedha ya mkopo wa masomo, likitoka, si kabla, kwa hiyo ukiwa Njiro karibu na Chuo cha Uhasibu, au Tengeru, au Usa River na Makumira, andika tarehe za bumu ukutani. Kampuni za utalii ni watu wengine kabisa. Kuanzia Juni hadi Oktoba hawaulizi bei, wanaulizia saa. Mgeni anatua kesho na ratiba imo ndani ya mashine iliyopasuka. Hao hawawezi kungoja basi la Dar, na ni kwa ajili yao tu nakubali kuweka vioo viwili akiba, vya aina ninayoikuta kila siku: eDP, pini 30, inchi 14 na 15.6. Masika ya Aprili na Mei, ofisi hizohizo zikiwa kimya, nenda ukague mashine zao zote, kaza bawaba kabla hazijavunja kioo. Mashirika makubwa yatakutaka proforma, EFD na subira ya malipo ya siku nyingi. Kama mtaji wako ni wa kuazima, waache kwanza.

Usikimbilie fremu ya duka. Mwenye nyumba mjini atadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na fedha hiyo ingekununulia vifaa vyote nilivyovitaja. Panga meza ndani ya steshenari iliyo karibu na chuo. Anayekuja kuchapisha ripoti ndiye mwenye laptopu. Na kwa mwaka wa kwanza kataa MacBook na vioo vya kugusa vilivyogundishwa. Kwenye MacBook mara nyingi hubadilishwa mfuniko mzima, na bei ya kosa moja ni mtaji wako wote. Kukataa kazi nako ni ujuzi.

Cheti? Kijana aliyetoka Chuo cha Ufundi Arusha ana faida kubwa kwenye umeme, aitumie. Asiye na cheti lakini mikono inajua, VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, auulizie. Ila yeyote kati yao aanze kwa kununua mashine tatu zilizokufa, afungue na kufunga mifuniko yake mpaka mikono ikariri, kabla hajagusa ya mtu. Video zinaonyesha skrubu zikitoka. Hazikuonyeshi klipu ya plastiki ya miaka tisa inavyokatika kwenye baridi ya Julai.

Weka daftari. Mashine ikifika, ipige picha ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa, andika mikwaruzo, hali ya bawaba, kama ina chaja. Usiombe neno la siri. Kuhakikisha kioo hakuhitaji kuingia kwenye faili za mtu. Ukurasa wa bayosi unatosha, na rangi za kupimia unaweza kuziwasha kwa flashi yako. Tangu Mei 2023 tunayo sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayofanya kazi, na hata bila sheria, picha za harusi ya mtu hazikuhusu. Dhamana iandikwe kwa maneno ya kawaida: miezi mitatu kwa mistari na giza, sifuri kwa mpasuko. Kifurushi kikifika stendi, kifungue palepale kabla ya kusaini, kioo kikiwa bado mbele ya karani. Vimenifikia viwili vimepasuka ndani ya boksi lisilo na mkwaruzo, na cha kwanza nilishasaini.

Tuna kundi la WhatsApp la mafundi kama ishirini, wa mjini na wa njia ya Usa River. Mwenye spea huandika namba kamili, mwenye shida huuliza kwa namba kamili, anayeandika "nina kioo cha HP" hajibiwi neno. Mwezi uliopita mtu aliuliza LP156WH4, pamoja na mkia wake. Nikapanda juu ya kiti, nikashusha boksi, nikafuta vumbi. Mwalimu mmoja wa Usa River alikuwa na Toshiba yake ya kujazia alama, hataki nyingine. Kioo kiliwaka mara ya kwanza. Nilimuuzia kwa 40,000, chini ya bei niliyokinunulia mwaka 2016, na juu ya kabati vimebaki sita.